Masharti ya Dhamana

Kwetu pikipiki inalala sebuleni. Wapo wanaolaza kuku jikoni na wapo wanaolaza mbuzi ukumbini, kila nyumba na sababu zake. Sababu yangu ni kwamba uani hatuna geti, na mtaani kwetu hapa Kihonda, Morogoro, pikipiki mbili zimeshaondoka usiku bila kuaga. Kwa hiyo kila siku ikikaribia saa mbili, kabla ya taarifa ya habari, naweka ubao kwenye ngazi, nasukuma, napinda usukani mlangoni, na chombo kinaegeshwa kati ya kabati la vyombo na kochi la watu watatu. Kochi lenyewe siku hizi ni la watu wawili na nusu. Wa tatu anakaa kiupande, maana eksozi ikiwa bado ya moto inamsalimia kwenye kigimbi.

Juma la kwanza niliisimamisha kwa stendi kubwa, ile ya miguu miwili, wima kama askari wa gwaride. Usiku wa tatu kigae kikapasuka. Mke wangu hakupiga kelele. Alisema tu, "Mwalimu, kigae." Akiniita baba watoto, mambo ni shwari. Akiniita Mwalimu, kama wanafunzi wangu, najua nimeshafunguliwa jalada. Tangu usiku ule stendi kubwa ikapigwa marufuku ndani ya nyumba, pikipiki ikawa inalala kwa stendi ndogo ya pembeni, imeegemea kushoto, na chini ya stendi tumeweka kipande cha ndala iliyokatika. Msomaji aikumbuke hiyo stendi ndogo. Mimi niliisahau, na ndiyo maana nina cha kuandika.

Niseme pia kwamba mke wangu ni karani wa mahakama ya mwanzo, na mimi nafundisha fizikia. Maana yake nyumbani kwetu mmoja anajua jinsi vitu vinavyofanya kazi na mwingine anajua namna ya kuthibitisha. Baadaye ilithibitika kwamba wa kwanza hajui.

Tone la kwanza lilionekana Jumapili moja ya Januari, pikipiki ikiwa na umri wa miezi minne na kilomita 1,840. Lilikuwa dogo kama punje ya choroko. Mke wangu akawauliza watoto nani amemwaga mafuta ya kula. Wakasukumiana, kisha mdogo akakiri, kwa sababu yeye hukiri chochote. Kesho yake tone likarudi palepale, na usiku huo mdogo alikuwa amelala kwa bibi yake. Mke wangu akaligusa kwa kidole, akasugua kidole kwa gumba, akanusa.

"Hii ni ya kwako," akasema.

Mtu mwingine angechukua tambara akafuta. Yeye aliingia stoo, akachana boksi la tambi, akakata kipande cha mraba na kukitandika chini ya injini. Asubuhi akakitoa, akaandika pembeni mwa doa kwa kalamu ya wino mzito: tarehe, saa, kilomita, sahihi yake. Juu kabisa akaandika: Kielelezo P1.

Nikacheka.

"Cheka tu," akasema. "Siku ya kusikilizwa utakitafuta."

Kosa langu la pili lilikuwa kulitaja tone kijiweni. Pale njia panda wanakaa vijana wa bodaboda ambao hawajawahi kukubaliana juu ya Simba na Yanga, sasa wangekubaliana vipi juu ya oili yangu? Mmoja alisema gasketi ya kichwa. Mwingine alisema nati ya kumwagia oili, hasa ile washa yake laini inayotakiwa kutumika mara moja na kutupwa, ila mafundi wanairudishia ileile mpaka inakuwa kama karatasi ya sigara. Wa tatu alisema pikipiki za siku hizi zinaungwa usiku, watu wana usingizi. Mkubwa wao alikuwa amelala chali juu ya siti ya pikipiki yake, miguu kwenye usukani, kofia usoni. Alinisikiliza hadi mwisho bila kufumbua macho.

"Ticha, hiyo haivuji. Inatoka jasho."

Nisimdharau, maana tofauti hiyo ipo na mafundi wanaiheshimu. Jasho ni ule unyevunyevu unaoshika vumbi kwenye ukingo wa gasketi, unakaa hapohapo miaka na miaka bila kumdhuru mtu. Kinachodondoka ndicho kuvuja. Nikamwambia la kwangu linadondoka.

"Basi inatoka jasho jingi."

Walichokubaliana wote ni kwamba nikapime oili.

Nilipima. Hapa naomba walimu wenzangu wa fizikia waruke aya hii na inayofuata. Upande wa kulia wa injini kuna kifuniko cheusi chenye kijiti, na kwenye kijiti kuna alama mbili, ya chini na ya juu. Oili inatakiwa iishie katikati yake. Nilikifungua palepale sebuleni, pikipiki ikiwa imeegemea upande wa kabati, nikakifuta kwa ukurasa wa michezo, nikakirudisha, nikakikaza barabara kama mtu anayefunga mtungi wa gesi, nikakitoa. Kikavu mpaka karibu na ncha. Nilishtuka kama mtu aliyetoka kupimwa presha. Injini ya shilingi 2,800,000, ambayo bado nadaiwa na chama cha akiba na mikopo, ilikuwa inakaribia kusaga chuma kwa chuma!

Shemeji yangu ana gari dogo na alikuwa na nusu galoni ya oili iliyobaki, ya bei mbaya kwelikweli, nyepesi kama juisi. Nikamimina kikombe. Nikapima. Bado. Nikamimina kingine. Nikapima. Kijiti kikalowa kidogo kwenye ncha, nami nikalala kwa amani.

Jumatatu asubuhi, kwenye mwinuko wa kuelekea Kigurunyembe, pikipiki iligoma kwa namna ambayo sijawahi kuiona. Haikuzima. Ilipiga kelele. Nikizungusha moto injini inalia kwa uchungu mkubwa, lakini gurudumu halina habari, kama mtu anayelia msibani huku akiangalia sufuria ya pilau. Nyuma yangu umetanda moshi wa bluu, ule wa oili inayoungua. Ungekuwa mweusi ningesema petroli imezidi, na petroli ningeielewa. Mzee mmoja aliyekuwa akiikokota baiskeli yenye mikungu mitatu ya ndizi alinipita taratibu, kwa miguu, akanipungia mkono. Nikamwamkia. Akaitikia bila kusimama, maana hakuwa na muda wa kupoteza.

Fundi niliyempata yuko chini ya mwembe, hana kibao wala jina la gereji. Aliinusa oili kwenye kijiti, akaniangalia, akaenda kuleta beseni. Alipofungua nati ya chini ikatoka, ikatoka, ikaendelea kutoka, tukakosa mazungumzo.

"Mwalimu, injini hii inakunywa lita moja," akasema hatimaye. "Umeipa ya mwaka mzima."

Kisha akanieleza, bila haraka, huku akiifuta mikono kwa mchanga na petroli. Kwenye gari klachi iko kavu, mbali na oili. Kwenye pikipiki kama yangu sahani za klachi zinaoga katika oili ileile inayolainisha pistoni na gia. Oili nyingi za kisasa za magari madogo zimetiwa dawa ya kuvifanya vyuma viteleze zaidi ili gari libane mafuta. Ukiitia kwenye pikipiki inatii amri hiyohiyo, na klachi nayo inateleza. Akaniletea chupa mpya, 20W-50, akaigeuza na kunionyesha nyuma herufi ndogo ambazo nimezipita dukani mara mia: JASO MA. Hizo ndizo zinazosema oili hii imepimwa kwa klachi ya kuoga. Shilingi 14,000. Moshi nao ulitokana na kuzidisha. Oili ikijaa kupita kiasi, injini inaicheua kwa mpira wa kupumulia, inaingia kwenye boksi la hewa, inavutwa ndani na kuungua.

Mwisho akanifundisha kupima. Pikipiki isimame wima, mahali pa usawa. Kijiti kifutwe, kiingizwe, kisikazwe, kikalishwe tu juu ya nyuzi zake, kisha kitolewe na kusomwa. Ikiinama upande, oili yote inakimbilia upande huo na kijiti kinabaki kunusa hewa.

"Kwani unafundisha nini, Mwalimu?" akauliza.

"Kiswahili," nikajibu.

Wiki ileile nilikuwa nimewachora kidato cha kwanza silinda ya kupimia ubaoni, nikawasisitizia kwamba chombo kikae sawa na jicho liwe usawa wa kipimo, na kijana mmoja wa dawati la nyuma nikamsimamisha kwa kutojua.

Moshi ukaisha, klachi ikashika. Tone halikuisha. Tulikuwa tumefika P6.

Ndipo mke wangu akakitoa kitabu cha pikipiki kwenye kabati. Walioandika kitabu kile kwa Kiswahili hawakutaka kuandika waranti, wakaandika dhamana, na hapo ndipo walipomkosea mtu. Kwa mke wangu dhamana ni kitu kimoja tu: wadhamini wawili wanaoaminika, barua ya serikali ya mtaa, na masharti ambayo ukiyavunja unarudi mahabusu. Akaketi nacho mezani na rula.

"Masharti ya dhamana ni haya," akasema. Huduma ya kwanza ikifika kilomita 500, na muhuri. Tulikuwa nao. Huduma ya pili kilomita 3,000. Bado. Risiti itunzwe. Matengenezo yafanywe na wakala. Hapo akanitazama kwa muda, nami nikauona ule mwembe. Na muda: miezi 12 au kilomita 12,000, chochote kitakachotangulia. Hayo maneno mawili ya mwisho yameandikwa na mtu aliyeijua nchi hii vizuri. Kwangu mimi, wa nyumbani na shuleni, ni mwaka mzima wa usalama. Kijana wa kijiweni anayekimbia kilomita 120 kwa siku, siku ya mia moja dhamana yake imekwisha, hata mkopo hajaufikisha nusu.

Nilijiandaa kwenda kwa wakala kama mzazi anayempeleka mtoto hospitali. Mtoto haendi hospitali na uchafu. Anaogeshwa, anapakwa mafuta, anavalishwa nguo ya Jumapili. Nikapitia kwa vijana wa kuosha, shilingi 3,000, wakaisugua injini kwa brashi na sabuni ya unga mpaka ikang'aa kuliko zile zilizopangwa dukani kwa wakala. Nikafika na mgonjwa asiye na dalili hata moja.

Dada wa mapokezi aliomba kadi ya pikipiki, kitabu na risiti ya EFD. Risiti nilikuwa nimeitunza kwenye pochi kwa heshima zote. Nikaikunjua. Nyeupe. Anayezijua karatasi zile atanielewa: zinachapwa kwa joto na zinafutika kwa joto, na risiti iliyo kwenye pochi, pochi iliyo mfukoni, mfuko ulio pajani kwa mwendesha pikipiki wa Morogoro mwezi wa pili, haina maisha marefu. Dada akaigeuza upande wa pili, kwa huruma tu.

Nikampigia mke wangu.

"Angalia kwenye jalada la nyuma la kitabu."

Ilikuwapo nakala ya risiti, imetolewa siku ileile tuliyonunua, imegongwa muhuri wa nakala halisi. Muhuri ulitoka wapi sijauliza mpaka leo.

Fundi aliyepangiwa kazi yangu alikuwa kijana mwenye ovaroli safi. Akaisimamisha kwa stendi kubwa, akapiga kiki, akaiacha ingurume robo saa. Akazima, akainama na tochi. Nami nikainama. Tukakaa hivyo tumeinamiana kama watu wanaotafuta sindano. Kavu kabisa.

"Mbona haina shida, Mwalimu?"

Mwenye mtoto analijua hili. Usiku kucha anakohoa mpaka majirani wanaamka, ukimfikisha mbele ya daktari anaimba nyimbo za chekechea. Nikamwonyesha kwa kidole upande wa kushoto, jirani na sproketi ya mbele, mahali palipokuwa panalowa kabla sijalipa shilingi 3,000 kupafuta.

"Hapo ni oili ya cheni," akasema.

Nikakosa la kujibu, kwa sababu ni kweli cheni naipaka oili chafu kama watu wote, na ni kweli cheni ikizunguka inairusha hapohapo. Kitabuni akaandika: Hakuna tatizo. Usiku ule likadondoka tone ambalo mke wangu alilipima kwa rula kabla ya kuliandika. P9.

Mara ya pili aliomba ruhusa kazini tukaenda wote. Vielelezo vilikuwa 11, ndani ya bahasha kubwa ya kaki. Tukaingizwa kwa meneja, mtu mpole, ana tai na feni. Akavipokea vipande vya boksi kimoja kimoja, akavipanga mezani, na nikaona anajitahidi asicheke. Kisha akafungua kitabu.

"Mama, tatizo ni kwamba waranti haihusishi vitu vya raba. Ukurasa wa nane: tairi, balbu, plagi, cheni, sehemu za raba."

"Sili ni raba?" mke wangu akauliza.

"Sili ni raba, ndiyo."

"Kwa hiyo mnakubali kwamba inayovuja ni sili."

Meneja akanyamaza. Feni ikazunguka.

"Maana fundi wenu ameandika hakuna tatizo," akaendelea, kwa sauti ileile anayotumia kuniuliza kama nimefunga mlango wa uani. "Sasa tushike lipi? Hakuna tatizo, au tatizo lipo ila ni la raba?"

Mimi nilikuwa nasoma kalenda ya ukutani. Ilikuwa kalenda nzuri.

Meneja akajaribu njia nyingine. Alikuwa amegundua kwamba oili imebadilishwa nje. Mke wangu akageuza kurasa tatu bila kutafuta. Kitabu chenu, akasema, kinamtaka mteja apime oili kila wiki na kuongeza inapopungua. Mteja alitii. Alizidisha utii, akaenda kuurekebisha. Injini hakuifungua.

"Na kama bado kuna utata," akamalizia, "mahakama huwa inahamia eneo la tukio."

Yule meneja alifanya jambo la busara kuliko yote niliyoyaona katika kesi hii: akamwita fundi mkuu. Mzee mmoja mfupi, miwani imefungwa kwa uzi wa viatu. Akatuamkia, tukamwamkia, akavuta kiti. Hakukitazama kitabu. Alivitazama vipande vya boksi, kimoja baada ya kingine, akavipanga upya kwa namna yake.

"Haya matone yote yameanguka pembeni ya hili bonde," akasema. Kwenye kila kipande stendi ilikuwa imeacha alama ya kubonyea, na kila doa lilikuwa umbali uleule kutoka kwenye alama. "Pikipiki inalala wapi?"

"Sebuleni."

"Inalalaje?"

Miezi miwili, watu wote wale, na hakuna aliyewahi kuniuliza hivyo.

Alikuja Jumamosi jioni, bila ovaroli, amevaa shati la kutokea. Kwanza aliiendesha mwenyewe mpaka stesheni ya treni na kurudi, ili oili ipate moto na kuwa nyepesi. Akasafisha upande wa kushoto kwa tambara lenye petroli, akatoa kifuniko cha sproketi, akasafisha tena hadi kwenye mikunjo kwa mswaki wa zamani. Kisha akaomba poda. Mke wangu akaenda chumbani akaleta poda ya mtoto, kopo la waridi. Mzee akaimiminia kiganjani na kuipulizia injini taratibu, pande zote, mpaka ikapauka yote kama mtoto aliyetoka kuogeshwa. Watoto wetu walikuwa wamejipanga kwenye kochi, hakuna aliyekumbuka katuni.

"Sasa Mwalimu, isimamishe kama unavyoisimamisha siku zote."

Nikashusha stendi ndogo juu ya ndala. Ikaegemea kushoto. Tukanywa chai kwa mihogo ya kukaanga.

Haikufika nusu saa. Ilianza kama uzi wa kahawia kwenye ile poda, chini kidogo ya mhimili wa sproketi, ukashuka, ukapinda kwenye ukingo wa injini, ukakusanyika, ukaning'inia. Mtoto mdogo akasema, "Mimi sijamwaga." Tone likaanguka kwenye Kielelezo P12.

Mzee akatuonyesha kwa kidole bila kuigusa. Mhimili unaotoka ndani ya injini kwenda kuzungusha cheni unapita kwenye tundu, na tundu limezibwa kwa sili, pete ya raba yenye mdomo mwembamba unaoukumbatia mhimili. Pikipiki ikisimama wima, oili iliyotulia inakaa chini ya mdomo huo. Ikiegemea kushoto, oili yote inahamia kushoto na sili inazama. Ikiwa na kasoro, hapo ndipo inapoachia. Kwa wakala inasimamishwa kwa stendi kubwa, ingevuja vipi? Na kwa sababu hiyohiyo, akaongeza, kijiti kilichoko kulia kinakuwa kikavu hata injini ikiwa imejaa.

Akanigeukia. "Kwani Mwalimu unafundisha nini?"

Mke wangu akawahi. "Fizikia."

Mzee akapuliza chai yake, ingawa ilikuwa imeshapoa.

"Lakini kwa nini msitumie stendi kubwa?" akauliza baadaye. "Ndani humu pana usawa mzuri."

Mimi nikakitazama kigae. Mke wangu naye akakitazama kigae.

"Mzee," akasema, "sukari imetosha?"

Ile hoja ya raba mzee aliimaliza kwa mstari mmoja wa taarifa yake: raba iliyochakaa haihusiki, raba iliyokuja na kasoro kutoka kiwandani inahusika. Meneja akasaini. Kilichobaki ni sili yenyewe, na sili inatoka Dar es Salaam. Treni ya umeme imekuwa ikibeba abiria kati ya Dar na Morogoro tangu Juni 2024, safari ya kama saa mbili, ukipanda na chapati ya moto unashuka nayo ikiwa vuguvugu. Sili ilichukua siku 11. Kwenye duka la spea lililo ng'ambo ya barabara, mkabala na wakala, ilikuwa imetundikwa ukutani kwenye kimfuko, shilingi 3,000. Nilikuwa naiona nikiwa nimekaa kwenye benchi la kusubiri. Lakini ningeinunua, ningekuwa nimevunja masharti ya dhamana.

Kazi yenyewe ilimalizika kabla sijamaliza soda. Mzee alilegeza cheni, akatoa sproketi, akaichokoa ile pete kwa bisibisi iliyopinda na kuniwekea kiganjani. Kwenye mdomo wa raba kulikuwa na mkato mdogo kama ukucha wa kichanga, wa siku ya kwanza kabisa, pengine ilibanwa vibaya wakati wa kuingizwa. Akapaka mpya oili kidogo kwa kidole, akaisukuma kwa kipande cha bomba mpaka ikakaa. Pete ya zamani ikatiwa kwenye mfuko wa plastiki, ukaandikwa namba ya injini, ukafungwa, maana wakubwa wa Dar hawalipi bila kuiona.

"Hao sasa wanajua kazi," mke wangu akasema nilipomsimulia.

Nikapiga hesabu: kuosha mara mbili, nauli za siku ambazo pikipiki ililala kwa wakala, oili, beseni la fundi wa mwembeni ambalo nilikanyaga likapasuka. Shilingi 61,000. Sili, bure.

Wiki mbili boksi lilikuwa linaamka kavu. Mke wangu alikuwa bado anainama kila asubuhi kulitazama, na niliona kama anapungukiwa na kitu. Siku moja akakumbuka.

"Vielelezo vyangu viko wapi?"

Vilibaki kwa wakala, nikamwambia, vimesaidia, kesi imekwisha.

"Kesi ikiisha vielelezo vinarudishwa kwa mwenyewe, Mwalimu."

Nikaenda. Dada wa mapokezi hakujua ninachosema, akanielekeza gereji nyuma. Bahasha ya kaki niliiona juu ya meza ya vifaa, tupu. P3 nayo niliiona. Ilikuwa imetandikwa sakafuni chini ya pikipiki nyekundu ya mtu mwingine, mwandiko wa mke wangu unasomeka vizuri, na kando ya doa letu la zamani limeanguka jipya, bado linang'aa. Mwenye pikipiki alikuwa amechuchumaa, anasoma.

"Kaka," akaniuliza, "mbona wameandika inavuja tangu Januari? Mimi nimeinunua wiki iliyopita."